Panga Moja kwa Kazi Zote: Uhakiki wa Majina ya Zana za Kukatia

Wasomaji wetu hutuletea maswali mengi kuhusu istilahi za elimu mpya, na hiyo ni haki yao. Ni nadra sana kuulizwa jina la chombo ambacho karibu kila nyumba ya mkulima inacho nyuma ya mlango. Hakuna mfasiri anayetuandikia kuuliza maana ya panga, maana kila mfasiri anaamini kwamba analijua. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Katika tafsiri za kilimo, za misitu na za ununuzi wa vifaa, neno panga limefanywa kuwa jibu la kila swali. Chombo cha kufyekea ni panga, cha kupogolea ni panga, cha kupasulia ni panga, na hata silaha ya askari wa zamani huitwa panga. Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki desturi hiyo na kupendekeza namna ya kuiacha.

1. Neno moja, vyombo vingi

Kila watu wanaoishi na pori wamejitengenezea chombo cha kulikabili. Wamalay wana parang, chombo kizito kinachofaa miti migumu. Wafilipino wana bolo, na Wanepali wana kukri, ambayo bapa lake limepinda kuelekea mbele na makali yake yamo ndani ya mpindo. Kiingereza kiliposhindwa kuvitaja vyombo hivi kiliyakopa majina yake, na kutoka kwetu kikalikopa neno panga lenyewe. Kwa wafanyabiashara wa zana wanaotumia Kiingereza, panga ni jina la umbo mahususi, yaani bapa linalopanuka kuelekea mwisho wake. Ajabu ni kwamba wageni wamelichukua neno letu ili watofautishe, na sisi tunalitumia kuchanganya. Mfasiri wetu akikutana na parang, bolo na kukri katika ukurasa mmoja, huandika panga mara tatu na kuendelea na safari yake.

Huenda msomaji akauliza: je, kuna hasara gani? Tuchukue mfano wa kakao, zao linalolimwa wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya. Maandishi mengi kuhusu zao hili hutoka Afrika Magharibi, hasa Ghana. Kiingereza cha huko hukiita chombo cha kufyekea shamba "cutlass", neno ambalo katika Kiingereza cha Uingereza ni silaha fupi ya mabaharia. Mfasiri anayetegemea kamusi ya Kiingereza peke yake atamwambia mkulima wa Kyela apalilie kakao kwa upanga. Mfasiri mwangalifu zaidi ataandika panga, naye atakuwa amesema sawa kwa kazi ya kufyeka. Lakini kijitabu hakiishii hapo. Matunda yaliyo juu hukatwa kwa kisu kilichopinda, kilichofungwa kwenye mti mrefu. Nacho chapaswa kukata kikonyo tu bila kujeruhi kifundo cha shina, kwa kuwa maua ya misimu ijayo hutoka papo hapo. Kisha tunda lapaswa kupasuliwa bila kuumiza mbegu zilizomo, na ndiyo maana wataalamu hupendelea kulivunja kwa rungu la mti kuliko kulipiga kwa chuma chenye makali. Ikiwa tafsiri itasema panga katika hatua zote tatu, mkulima atalipiga shina, na atazikata mbegu. Atakuwa ametii kila neno la kijitabu, na hasara ni yake.

2. Upanga na panga

Kosa la pili ni la sarufi, na athari yake hufika mpaka bandarini na mahakamani. Upanga ni silaha, na wingi wake ni panga. Panga ni zana, na wingi wake ni mapanga. Walakini wasemaji wengi, hasa Kenya, huliingiza jina la zana katika ngeli ya ng'ombe na nyumba, wakasema panga hii na panga hizi. Katika mazungumzo hakuna ubaya, maana mazingira husaidia. Lakini katika hati iliyoandikwa "panga tatu", msomaji hana njia ya kujua kama zimetajwa silaha tatu za vita au zana tatu za shambani.

Tuangalie forodha. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari, 1988, ndio msingi wa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005. Katika mfumo huo mapanga ya shambani yamo katika kichwa 82.01, pamoja na majembe na mashoka. Visu, pamoja na visu vya kupogolea, vimo katika kichwa 82.11. Panga za vita, singe na mikuki zimo katika kichwa 93.07, chini ya sura ya silaha. Irabu moja tu, u, ndiyo inayoitenga Sura ya 82 na Sura ya 93. Karani akiiacha irabu hiyo, au akiiongeza pasipo mahali pake, shehena ya zana za wakulima itageuka kuwa shehena ya silaha katika karatasi.

Ama kuhusu mahakama, jambo hili limezidi kuwa zito tangu mwaka 2021, ambapo Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hati za mashtaka na mienendo ya kesi haziwezi tena kujificha nyuma ya istilahi za Kiingereza. Mtu aliyekamatwa njiani akiwa na panga la shambani hayuko sawa na mtu aliyekamatwa na upanga, sime au jambia, kwa kuwa cha kwanza kina kazi ya halali ya kila siku. Ni kweli kwamba zana yoyote yaweza kufanywa silaha, na historia ya kanda yetu imetuonyesha hivyo kwa uchungu mwingi. Lakini kutambua nia ya mtu ni kazi ya hakimu. Mwandishi wa hati hana ruhusa ya kumsaidia hakimu kwa kukosea jina la kitu.

3. Chombo hujulikana kwa kitenzi chake

Chanzo cha makosa haya, kwa maoni yetu, ni fasili zinazotegemea ukubwa. Fasili ya namna ya "kisu kikubwa cha kukatia" haimsaidii mtu yeyote, maana kukata ni jina la jumla la kazi zote hizi, na ukubwa hutegemea macho ya mtazamaji. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi ambao watunga fasili wameupuuza. Tunafyeka nyasi na vichaka. Tunapogoa matawi ya mti uliosimama. Tunatema kuni porini, na tukifika nyumbani twazichanja. Twachonga mtumbwi na mpini, na mgema hugema mnazi. Kila kitenzi hapa kinadai chombo chenye uzito wake, umbo lake na makali yake. Wahenga waliposema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni, hawakusema halikati. Walichagua kitenzi cha shoka.

Sababu za jambo hili zimo katika chuma chenyewe. Panga la kawaida lina bapa la sentimita 40 hadi 50 hivi, na unene wake aghalabu hauzidi milimita 3. Halina uzito mwingi. Nguvu yake hutokana na mwendo wa mkono, na kwa hiyo hupita vyema katika shina laini lenye maji. Likipigwa kwenye gogo gumu hunasa, au makali yake hupata mapengo. Shoka ni kinyume chake. Uzito wote umewekwa kichwani, na kichwa kimetengenezwa mfano wa kabari ili kiitenge mbao kwa kufuata nyuzi zake. Lakini ukitaka kufyeka nyasi kwa shoka utachoka bure, maana nyasi huinama na kuinuka tena. Kwa nyasi liko fyekeo, lenye bapa jembamba na mpini mrefu, ambalo humwezesha mtu kufanya kazi akiwa amesimama. Kwa hiyo mtu anayeuliza achukue chombo gani kwenda shambani hawezi kujibiwa kabla ya kuulizwa: unakwenda kufanya nini? Swali hilo hilo ndilo analopaswa kujiuliza mfasiri.

4. Viungo vya chombo

Udhaifu mwingine huonekana pale maandishi yanapotaja sehemu za chombo. Mara nyingi tunakutana na semi ndefu kama "kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini", na wengine wamejaribu kuunda jina jipya, mathalani "mkia wa kisu". Kazi hiyo si ya lazima. Sehemu hiyo inaitwa msuka. Pete ya chuma inayokaza mahali ambapo bapa huingia katika mpini inaitwa noleo. Kitendo cha kukifanya chuma kiwe kigumu kwa moto na maji ni kutia matiko, na chuma kinachostahili kazi hiyo ni pua. Maneno haya ni ya wahunzi, na yamekaa katika kamusi zetu kwa miaka mingi yakingoja kutumiwa.

Afisa wa ugavi anaweza kudhani kwamba haya ni mapambo ya lugha. Hebu atazame hati ya zabuni inayosema tu "mapanga 200, imara, ya ubora mzuri". Hati hiyo haimfungi mwuzaji kwa lolote. Atakayeleta bati lililokatwa umbo la panga, lenye msuka wa urefu wa kidole uliogandishwa katika plastiki, atakuwa ametimiza masharti, kwa kuwa neno imara halina kipimo. Msuka mfupi ukichomoka, bapa huruka, na mguu wa kibarua u karibu. Hati hiyo hiyo ingeweza kuandikwa hivi: "Mapanga ya kufyekea vichaka, bapa la pua sentimita 45, unene milimita 2 hadi 3, makali upande mmoja, msuka uenee urefu wote wa mpini na kukazwa kwa ribiti tatu, matiko ya kiasi yanayoruhusu kunolewa kwa tupa." Hakuna hata neno moja geni katika sentensi hii. Sharti la mwisho nalo lina maana yake, kwani chuma kilichotiwa matiko kupita kiasi hushika makali kwa muda mrefu, lakini humeguka, na tupa haikiwezi.

5. Pingamizi

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba lugha ni ya wananchi, na kwamba sokoni watu husema panga kwa vyombo vyote hivi bila ya kupotezana. Hoja hii ni ya kweli nusu. Sokoni mnunuzi hukishika chombo, akakipima kwa mkono na kukipigapiga kwa kidole. Jina halimdanganyi, kwa kuwa macho yamekwisha kuamua. Mtu anayesoma kijitabu, hati ya zabuni au hati ya mashtaka hana chombo mbele yake. Ana jina tu. Aidha, si kweli kwamba wananchi wote hutumia neno moja. Mgema anajua kotama, fundi wa majahazi anajua tezo, na mvunaji wa mpunga anajua mundu. Maneno yamepungua katika ofisi zaidi ya yalivyopungua mashambani.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo katika maandishi rasmi:

(a) Panga (ma-) litumike kwa zana ya mkono mmoja yenye bapa refu na jembamba, ya kufyekea vichaka na kukatia matawi madogo. Wingi wake uwe mapanga daima.

(b) Upanga (wingi panga) ubaki kuwa jina la silaha peke yake.

(c) Fyekeo liwe la nyasi. Mundu uwe wa kuvunia na kukatia majani, ukiwa na makali ndani ya mpindo.

(d) Nyengo, jina linalotumika sehemu kadhaa za bara, lipewe zana yenye ncha iliyopinda ya kuvutia na kukatia matawi na mitambaa, ambayo sasa huitwa panga bila sababu.

(e) Shoka liwe la kuangushia miti na kuchanjia kuni. Kishoka kiwe shoka dogo la mkono mmoja. Tezo liwe la kuchongea.

(f) Majina ya zana za mataifa mengine, kama parang na kukri, yaachwe kama yalivyo, na yafuatwe na maelezo mafupi ya umbo na kazi.

(g) Kila fasili ya zana ya kukatia itaje kitenzi chake, umbo la bapa, upande wa makali na namna ya mpini.

Pendekezo la (d) ndilo tunalotaraji litazua ubishi, kwa kuwa jina nyengo halijulikani mahali pote, na huenda mwambao una jina linalofaa zaidi. Tunawaomba walimu, maafisa wa kilimo na wafasiri watuletee majina yanayotumika katika maeneo yao. Barua yenye jina tupu haitatosha. Kila jina liambatane na mchoro wa chombo, mahali linapotumika, na kitenzi ambacho watu wa hapo hukitumia wanapokuwa na chombo hicho mkononi.