Kipimo cha Hadithi

Fundi cherehani hakati nguo kwa upana wa meza yake, bali kwa mwili wa mvaaji. Hadithi nayo ina mwili wake. Je, tamthilia za televisheni zimekatwa kwa kipimo gani?

Huko Marekani, I Love Lucy ilipoanza mwaka 1951, msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu 35. Gunsmoke ilianza mwaka 1955 kwa sehemu 39. Kila sehemu ilitengewa nusu saa pamoja na matangazo ya biashara, wala haikuweza kuzidi. Mwenye bidhaa ndiye aliyelipa. Kwa hiyo saa yake ndiyo iliyotawala. Matangazo yalipoongezeka, hadithi ilipunguzwa. Tamthilia ya saa moja, iliyokuwa na dakika 50 hivi za hadithi katika miaka ya 1960, ilibakiwa na 42 hivi mwanzoni mwa karne hii. Msimu nao ulikuwa umeshuka hadi sehemu 22 hivi.

Hapana shaka wingi ule wa kwanza uliwachosha waandishi, hata kisa kimoja kikarudi mara nyingi katika mavazi mapya. Tazama Uingereza: Fawlty Towers ya BBC ina sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979, na hata leo watu huicheka. Uchache haukuinyima uhai.

Siku hizi watazamaji wengi hulipa ada ya mwezi na kutazama kwa intaneti saa waitakayo. Saa ya mfanyabiashara imelegea. Msimu wa kwanza wa Stranger Things, mwaka 2016, ulikuwa na sehemu 8, kila moja chini ya saa moja. Msimu wa nne ulikuja mwaka 2022, karibu miaka mitatu baada ya wa tatu, na sehemu yake ya mwisho ilizidi saa mbili. Ilikuwa na mambo ya kusisimua, lakini pia ilikuwa na maneno ambayo mkasi wa zamani usingeyaacha.

Mimi siulilii utawala wa matangazo. Lakini bwana yule mkali alimfunza mwandishi kukata. Sasa mwandishi hana budi kujifunza mwenyewe. Nawe, mwanafunzi, leo mwalimu hukuwekea mpaka wa insha. Siku mpaka huo utakapoondolewa, ndipo itakapojulikana kama ulijifunza kupima, au ulizoea kupimiwa tu.