Sifa za Fundi Anayengoja

Hitilafu ngumu kuliko zote si ile inayolizima gari kabisa. Gari lililozimika limekwisha kueleza ugonjwa wake. Fundi atafungua na kuukuta. Ngumu ni ile inayokuja na kuondoka. Asubuhi gia zinapanda vizuri, adhuhuri kwenye foleni ya Buguruni giaboksi inagoma, inang'ang'ania gia moja, taa ya injini inawaka. Gari likifika gereji taa imeshazimika na linakwenda kana kwamba limeshushwa bandarini jana. Mwenye gari anaonekana mwongo. Hapo ndipo fundi wa kweli hujulikana, na mafundi wa aina hiyo wanatuishia.

Mmoja yuko Gerezani, Dar es Salaam, mzee wa umeme wa magari ambaye nimekaa sana kwenye benchi lake kumtazama. Kazi yake huanza kwa maswali. Ilianza lini, baba? Gari likiwa la baridi au likishapata moto? Ni kwenye lami, au ukiingia barabara ya mashimo? Kuna aliyekufungia alamu karibuni? Umepita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika? Wenye magari wengi hukereka. Wamezoea kuona mashine ya kusoma makosa ikichomekwa kwanza, wakidhani jibu lote limo humo. Yeye hujibu kwa upole kwamba mashine haikuwepo garini jana, wewe ulikuwepo.

Zamani giaboksi ya otomatiki ilijiongoza kwa presha ya mafuta na kebo, na aliyeielewa aliielewa kwa masikio na vidole. Kisha kompyuta zikaingia, kila moja na nyaya zake, mpaka magari yakalemewa na shaba. Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kutafuta njia ya kompyuta hizo kuzungumza kwenye nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, ikaitangaza Detroit mwaka 1986, na kufikia mwaka 1991 Mercedes-Benz kubwa za daraja la S zilikuwa zikitembea nayo. Ni ubunifu ninaouheshimu. Injini, breki na giaboksi hupashana habari mfululizo, na giaboksi ikikosa habari za injini haibahatishi: hushika gia moja ya usalama ili ufike nyumbani. Tunachokiita kugoma ni busara iliyowekwa humo makusudi.

Mashine ikichomekwa kwenye gari kama lile la Buguruni, huweza kuandika U0101: mawasiliano na kompyuta ya giaboksi yamepotea. Fundi wa haraka husoma neno giaboksi, akaagiza kompyuta ya giaboksi. Mzee husoma tofauti. Kosa hilo haliandikwi na kompyuta iliyopotea. Linaandikwa na wenzake waliokuwa wakiisubiri. Kwa hiyo huuliza nani kalalamika, dhidi ya nani. Kama injini na breki zote zinasema giaboksi imenyamaza kwa wakati mmoja, huanza na umeme wake, athi yake na tawi lake la nyaya. Kama analalamika mmoja tu, basi huyo mlalamikaji naye achunguzwe. Huandika yote daftarini kabla ya kufuta chochote, maana ukifuta umechoma ushahidi.

Halafu linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote: mzee hagusi plagi. Vijana wote hukimbilia kuchomoa plagi na kuichomeka tena, na ghafla gari linapona. Linapona kwa sababu kule kuchomoa na kuchomeka kumekwangua kutu kwenye pini. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huifanya shaba iote kutu, nyembamba kiasi kwamba jicho haliioni, na msuguano mmoja huiondoa kwa wiki mbili au mwezi. Mteja analipa, anaondoka akishukuru, na ugonjwa unaondoka naye. Kwa hiyo mzee hupima kila kitu kikiwa mahali pake. Betri ikiwa imefunguliwa, huweka mita kati ya zile nyaya mbili. Kila mwisho wa mtandao una rezista ya omu 120, na zote mbili zikiwa hai mita husoma karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika.

Lakini hitilafu inayojificha husoma 60 safi kabisa. Basi mzee huiacha mita imeshikizwa, spana boi wake, kijana anayemsaidia, akaikodolea macho, naye hupita na nyaya shubiri kwa shubiri, akizitikisa, akizikunja, akizipasha moto kwa kikausha nywele alichoazima saluni ya jirani. Hasemi. Wakati mwingine saa nzima inapita, wateja wengine wanapiga honi nje. Kisha tarakimu inaruka, kufumba na kufumbua, inarudi 60. Hapo mkono wake unasimama palepale ulipo. Chini ya vidole vyake pana waya uliosuguliwa na bati la bodi kwa miaka, ganda limeisha, au waya ambao mfunga alamu aliuchubua akaufunika kwa gundi ya karatasi.

Siku moja alinionyesha plagi ya gari la Kijerumani. Alikuwa ameifungua mbali na giaboksi, juu kabisa kwenye sanduku la kompyuta, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya giaboksi, mekundu, yaking'aa. Yalikuwa yamepanda ndani ya waya wenyewe, kati ya shaba na ganda lake, tone kwa tone, kwa sababu mpira wa kuzibia kwenye soketi ya chini ulikuwa umechoka. Mpira mdogo. Gari lingewekewa kompyuta mpya, nayo ingelowa. Mpaka leo nikiona gari la aina ile huyafikiria yale mafuta yakipanda gizani, na mtu mmoja aliyekuwa na subira ya kuyafuata mpaka yalikotoka.

Subira hiyo haina bei siku hizi. Mashine za kusoma makosa zimekuwa rahisi, zinaingia hadi kwenye simu, nami sizichukii. Mzee mwenyewe anayo. Kinachoniuma ni kwamba kusoma kumechukua nafasi ya kutafuta. Kompyuta nzima hung'olewa zikiwa hazina kosa, zinauzwa kama mbovu, na zilizochukua nafasi zake zinagoma kwa sababu hazikusajiliwa kwenye gari hilo. Sisi wenye magari tuna sehemu yetu. Tunalipa kwa moyo mweupe kifaa tunachokiona kwenye boksi, na tunabishia mchana wa mtu aliyetumia akili.

Nilimshuhudia mteja mmoja ambaye kwingine alikuwa amebadilishiwa kompyuta ya giaboksi mara mbili. Mzee alizitwisha mzigo nyaya za umeme za kompyuta ile kwa taa ndogo ya kupimia, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba huidanganya mita lakini hauwezi kuwasha taa sawasawa. Taa ilififia upande wa athi. Boliti ya athi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, tangu bodi iliponyooshwa na kupuliziwa upya. Mzee alikwangua rangi hadi bati likang'aa, akakaza, akapaka grisi. Mteja alipotajiwa ujira aliuliza, "Kifaa gani umeweka, mzee wangu?" Akatoa nusu yake. Mzee alipokea bila kubishana, akampa spana boi fungu lake. Yule kijana ndiye aliyekuwa na jicho la kuiona tarakimu ikiruka. Ameshahama, sasa yuko kwenye gereji ya kusoma makosa kwa mashine, na huko analipwa vizuri zaidi.