Deni Lisilo na Mdeni: Uvumi na Utabiri katika Habari za Vyombo Vipya

Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asiyadharau maneno ya watu, na katika mambo mengi ya ujirani yafaa kufuatwa. Lakini siku hizi imepewa utii usio na kiasi katika habari za simu, kompyuta na vyombo vingine ambavyo bado havijatoka kiwandani. Chombo hakijaonekana, bei yake haijatajwa, wala mwenyewe hajakiri kwamba anakitengeneza. Walakini umbo lake, nguvu zake na mwezi wa kuuzwa kwake vimekwisha kujulikana kwa msomaji wa Nairobi na wa Dar es Salaam sawasawa na kwa msomaji wa New York. Kisha chombo hutoka, nacho hupimwa kwa kipimo cha yale yaliyosemwa, si kwa kile kilichomo ndani yake. Matarajio yamegeuka ahadi, na ahadi ni deni. Ila deni hili halina mdeni, na anayedaiwa hakukopa.

Kosa hili aghalabu huwekewa wafanya biashara wa hisa au tamaa ya wanunuzi. Hao wana sehemu yao. Lakini kazi kubwa hufanywa na lugha, na kwa hiyo jambo lenyewe lawahusu wenye kuichunguza lugha.

Yafaa kuanza na jina la mwenye kusema. Kiswahili cha magazeti humwita mchambuzi. Neno hili limetokana na kitenzi chambua, ambacho asili yake ni kazi ya mikono: kuchambua pamba ni kutoa mbegu katika nyuzi, na kuchambua karafuu ni kuzitenga na vikonyo vyake. Mchambuzi basi ni mtu aliye na kitu mbele yake. Kazi yake ni kutenga kilichomo, si kuongeza kisichokuwamo. Mtu asomaye hesabu ambazo kampuni imekwisha kuzitoa, akatenga faida ya kweli na ya juu juu, anastahili jina hilo. Lakini aelezaye leo simu itakayouzwa mwakani hana cha kuchambua. Ana maneno ya watengenezaji wa vioo, ana tetesi za maagizo ya viwandani, ana hati za kulinda uvumbuzi, ambazo huthibitisha kwamba wazo limewekewa ulinzi na hazithibitishi kwamba chombo kitauzwa. Huko ni kukisia. Kukiwa na hesabu ni kukadiria. Na kukizidi hapo ni kutabiri. Tabiri nalo ni neno la asili ya Kiarabu, na huko lilihusu hasa tafsiri ya ndoto. Mtabiri husikilizwa kwa tahadhari, mchambuzi husikilizwa kama fundi. Ubaya ni kwamba jina moja limefunika kazi mbili, na heshima ya kazi ya kwanza imeazimwa kwa kazi ya pili.

Baada ya jina huja kitenzi. Mfano wa sentensi ya habari hizi ni huu: “Simu hiyo inatarajiwa kuzinduliwa mwezi wa Septemba.” Inatarajiwa na nani? Kauli ya kutendwa yaruhusu mtendaji atajwe, na mwandishi angeweza kusema “na mtu mmoja aliyezungumza na mfanyakazi wa kiwandani”, lakini hasemi. Tena kitenzi chenyewe kina mashaka yake, kwa kuwa taraji katika asili yake ya Kiarabu ni kutumaini. Hata leo katika neno hilo moja yamekaa mambo mawili: lile ambalo akili yaona litakuwa, na lile ambalo moyo wataka liwe. Msomaji hupewa yote mawili kwa pamoja, wala haambiwi lipi ni lipi.

Inasemekana ni zito zaidi. Inasemwa yaweza kufuatwa na mtendaji: inasemwa na fulani. Lakini kauli ya kutendeka haikubali mtendaji hata ikilazimishwa, maana husema tu kwamba jambo lasemeka. Msemaji hakufichwa, ameondolewa katika sarufi yenyewe. Hapo ndipo neno uvumi linapoonyesha ukweli wake. Huvuma upepo, huvuma ngoma, huvuma nyuki: sauti husikika, na mwenye sauti hajaonekana.

Mambo haya yangekuwa ya kamusi tu kama yasingekuwa na matokeo. Kwa mfano wa kwanza, bwana mmoja mashuhuri wa kukadiria hisa huko Marekani, Gene Munster, alitabiri tangu mwaka wa 2009 kwamba kampuni ya Apple ingeuza televisheni kamili yenye kioo chake yenyewe, si kile kisanduku kidogo cha kuunganishwa na televisheni ambacho iliuza tangu 2007. Utabiri ulirudiwa mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Mei 2015 gazeti la Wall Street Journal lilieleza kwamba kampuni ilikuwa imeuweka kando mpango huo zaidi ya mwaka mmoja nyuma, naye akakiri kwamba alikosea. Ni haki kusema kwamba hakuzua uongo, kwa kuwa shauri la televisheni lilikuwapo kweli. Lakini kampuni hufikiri mambo mengi na kuyatupa mengi. Kilichofikiriwa kilisomwa kama kilichoahidiwa, na hakuna tamko la kampuni lililovuka mpaka huo, walivuka vitenzi.

Mfano wa pili ni wa jina. Kabla ya tarehe 4 Oktoba 2011 uvumi ulikuwa umekwisha kuizaa simu iitwayo iPhone 5, yenye umbo jipya. Siku hiyo kampuni ikaonyesha iPhone 4S, yenye umbo la ile iliyotangulia, ingawa ndani yake palikuwa na kichakato chenye kasi zaidi, kamera bora na msaidizi wa kuitikia sauti aitwaye Siri. Magazeti mengi yalipokea kwa masikitiko, na bei ya hisa ikashuka wakati maonyesho yakiendelea. Katika siku tatu za kwanza za mauzo zaidi ya simu milioni 4 zilinunuliwa. Steve Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba, siku moja baada ya maonyesho, na yamkini majonzi yaliwasukuma baadhi ya wanunuzi; walakini tofauti ni kubwa mno kuelezwa kwa majonzi peke yake. Walioona wamedhulumiwa walikuwa wale waliokuwa wameisoma simu ambayo haikuwapo.

Mfano wa tatu ndio mkali kupita yote, kwa sababu ndani yake ahadi ya kweli ilikuwapo. Kwa miezi mitatu iliyoishia Desemba 2012 Apple yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba mapato yake yangefika kiasi cha dola bilioni 52. Katikati ya Januari 2013 zilienea habari kwamba maagizo ya vioo vya iPhone 5 yamepunguzwa, na hisa zikashuka kwa habari hizo. Hesabu zilipotoka tarehe 23 Januari, mapato yalikuwa dola bilioni 54.5, faida dola bilioni 13.1, na simu zilizouzwa milioni 47.8, idadi ambayo kampuni haikuwa imepata kuifikia. Mdeni alilipa kupita alichokopa. Lakini makadirio ya wachambuzi yalikuwa juu ya hapo kidogo, na kesho yake hisa zikapoteza zaidi ya asilimia 12 ya bei yake. Mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliwaonya wasikilizaji kwamba habari moja ya kiwanda kimoja, hata ikiwa kweli, haitoshi kueleza biashara yenye viwanda vingi namna hiyo. Ahadi ya mwenyewe ilishindwa na makisio ya wengine katika mahakama ambayo hakuna aliyeiteua.

Isidhaniwe kwamba kampuni ni mwana-kondoo katika habari hii. Yenye kufunga milango kwa siri huongeza hamu ya wachungulia dirishani, na hujua kuitumia. Kabla ya kishikwambi cha iPad kuonyeshwa tarehe 27 Januari 2010, watu walikuwa wamekadiria bei ya karibu dola 1,000. Steve Jobs aliiandika jukwaani ile bei ya 999 iliyovumishwa, kisha akaiangusha kwa 499. Dola mia nne tisini na tisa si kidogo. Zilionekana kidogo kwa sababu uvumi ulikuwa umekwisha kuupandisha mzani. Hapo deni lisilo na mdeni liligeuzwa zawadi, na mtoaji hakutoa senti.

Wala si haki kusema kwamba uvumi ni batili wote. Mwezi wa Aprili 2010 gazeti moja la mtandaoni lilichapisha picha za simu ya majaribio iliyosahauliwa katika baa huko California, na mwezi wa Juni ikatolewa iPhone 4 ya namna ile ile. Mnunuzi mwenye fedha chache aliyesoma habari hizo akangoja miezi miwili alifanya busara. Hii ndiyo hoja bora ya wenye kuutetea uvumi, nayo yastahili jibu. Jibu ni kwamba habari ile ilikuwa na kitu: simu ilikuwa mkononi, ikapigwa picha, ikafunguliwa. Huo ulikuwa uchambuzi kwa maana ya pamba na karafuu. Hasara ni kwamba sentensi iliyoieleza simu iliyoshikwa na sentensi iliyoieleza televisheni iliyoota ndotoni huandikwa kwa vitenzi vile vile, na msomaji hana njia ya kuzitenga.

Kiswahili hakikosi njia hiyo. Kina huenda ikawa na yamkini kwa lisilo hakika. Kina kisio, kadirio, tetesi na utabiri, kila neno na daraja lake. Lakini habari hizi zikitafsiriwa kwa haraka kutoka Kiingereza, madaraja hayo hulazwa chini ya kiambishi -ta-, na “huenda ikawa na kamera tatu” huwa “itakuwa na kamera tatu”. Kiambishi hicho hutumika kwa jua litakalochomoza kesho na kwa simu ambayo labda haitatengenezwa. Mfasiri asiyeongeza neno la shaka ameongeza hakika ambayo asili yake haikuwa nayo.

Wasomaji wa pwani wana kipimo cha kale cha kazi hii. Katika elimu ya Hadithi, habari haikupokelewa mpaka ijulikane nani aliisikia kwa nani, na kila mpokezi alichunguzwa kumbukumbu yake na uaminifu wake. Mlolongo ukikatika, habari ilishushwa daraja. Neno hilo hilo hadithi, lilipoingia katika mazungumzo ya kila siku, lilipoteza mlolongo wake likawa jina la ngano za jioni. Habari za vyombo vipya husafiri njia hiyo hiyo, ila kwa siku chache: hutoka kwa mtu mmoja mwenye jina na ushahidi mdogo, hupita mikono mitano, na humfikia msomaji ikiwa inasemekana. Mhariri ambaye angelikataza neno hilo, akadai mahali pake jina la aliyesema, alichokiona, na faida anayoipata habari ikiaminiwa, angeona makala nyingi zikibaki na mistari miwili. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyokuwa habari.