Ulimi wa Jirani

Je, msomaji, neno tupu laweza kumhamisha mtu katika nchi yake? Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, yajibu kuwa laweza. Jambula ni mzambarau, mti usio mgeni kwetu watu wa pwani.

Hadithi yenyewe ni barua. Anyango, muuguzi, amwandikia Sanyu, msichana mwenziwe waliyekua pamoja katika mtaa wa Nakawa, Kampala, ambaye alimpenda si kwa urafiki tu bali kwa mapenzi. Jirani yao, Mama Atim, aliwakuta chini ya mzambarau, naye hakulala na habari ile. Mtaa ukawa hauna hadithi nyingine. Sanyu akapelekwa London. Anyango akabaki, akipita kila siku mbele ya macho yanayomjua kwa jambo moja tu.

Wanuri Kahiu wa Kenya alipoigeuza hadithi hii kuwa filamu, Rafiki, mwaka 2018, alileta umati wenye hasira ukawapiga wasichana wale wawili. Filamu ni nzuri, lakini hapo mtazamaji huhesabu majeraha, akasahau maneno yaliyotangulia. Mwandishi wa hadithi hakutupa pumziko hilo. Kwake hakuna umati. Dhara lote limetendwa na ulimi. Twaliona katika miaka ya upweke, katika haya ya mama kwa ajili ya binti yake, na katika barua yenye mengi ambayo mtu hana wa kumwambia ila aliye mbali.

Kasoro moja naiona. Mama Atim amechorwa mbaya mno, hata msomaji apata nafasi ya kusema, "Mimi si yeye." Hapa Ndau, kisiwani, ambako neno la barazani hufika upesi nyumba ya mwisho, sijamwona Mama Atim, nimewaona watu wema wakicheka. Neno shoga, ambalo mama zetu huitana kwa mapenzi, nililisikia mwanzoni mwa kazi yangu likitupwa kama jiwe kwa mvulana mpole. Aliyelitupa alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliyetupiwa hakulia. Alihamia dawati la nyuma, na mkono wake, uliokuwa wa kwanza kuinuka nilipouliza swali, haukuinuka tena muhula ule. Nami siku ile niliendelea na somo.