Anayeonja Kwanza

Soko la Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, jirani na boma la Nchelenge, huamka na samaki. Mashua zikishapakua, chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, hutandazwa juani, samaki waitwao pale na kambale hupangwa kwenye mabeseni, na wachuuzi kutoka ng'ambo ya Kongo huanza kubishana bei kwa Kiswahili na Kibemba vilivyochanganyika. Nyuma ya vibanda, mbali kidogo na moshi wa kubanikia samaki, kuna mama mzee anayepika katubi, pombe ya ulezi. Kabla mtu hajanunua, yeye hufunua mtungi, huinama, na kunyamaza. Kwanza anasikiliza, maana ulezi unaochacha una mlio wake, na mlio wa siku ya kwanza si ule wa siku ya pili. Kisha ananusa. Mwisho anachovya, anaweka kidogo ulimini, anakiacha kikae. Siku niliyokuwa pale, mvuvi mmoja wa Kilwa ya Kongo, mwenye kiu na fedha mkononi, alimwambia, "Mama, tupe tu, tutakunywa hivyo hivyo." Naye akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho cha ng'ambo, "Bado, mwanangu. Rudi jioni." Akafunika mtungi, akaacha fedha ipite.

Ni ujuzi huo ninaotaka kuusifu: kukijua kinywaji kabla ya mgeni, na kuwa na ujasiri wa kusema bado.

Nilikumbushwa thamani yake usiku ule, kwenye hoteli moja nzuri ya ufukweni, nilipoletewa orodha ya divai ndani ya jalada la ngozi. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa na Stellenbosch, ilikuwa na Paarl, ilikuwa hata na Bordeaux. Haikuwa na mwaka wa mavuno hata mmoja, na mashamba mengi hayakutajwa kabisa, ila aina ya zabibu na bei kwa kwacha. Nilimwuliza kijana aliyenihudumia ni ipi ingefaa kwa pale wa kukaanga mwenye nyanya na vitunguu. Alisema zote ni nzuri. Nilimwuliza yeye mwenyewe anaipenda ipi. Akatazama chini.

Wengi huihukumu orodha ya divai kwa urefu wake na kwa majina makubwa. Mimi huanza na mambo madogo. Je, mwaka umeandikwa? Divai bila mwaka ni samaki asiyesemwa alivuliwa lini. Je, chupa inayouzwa kwa glasi ilifunguliwa lini, leo au juzi? Je, chupa zote zimewekwa wapi? Kutoka Lusaka mpaka Nchelenge ni takriban kilomita 1,000, na mzigo unaopita njia hiyo ndani ya lori mwezi wa Oktoba, joto la bonde la Luapula likiwa limepamba moto, haufiki jinsi ulivyoondoka. Divai iliyochemka safarini hupoteza harufu ya tunda na kubaki na ladha ya kitu kilichopikwa. Mwenye hoteli anayejua hilo ataleta aina sita na kuzihifadhi penye kivuli na ubaridi, kuliko kuleta arobaini na kuzipanga juu ya kaunta zipigwe na jua la alasiri. Na mwenye hoteli anayelipenda ziwa lake angetafuta Chenin Blanc, zabibu ambayo Afrika Kusini inaipanda kuliko nyingine yoyote, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta ya samaki wa kukaanga bila kumfunika ladha. Angefikiria hata Dodoma, ambako mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka na ambako kuna divai nyekundu ya zabibu ya Makutupora. Sijaiona Dodoma kwenye orodha yoyote Luapula. Yapo majina ya Ufaransa, jirani hayupo.

Atakayesema kwamba divai si mambo yetu, na kwamba ulimi wa Mwafrika haukuumbwa kwa kazi hiyo, naomba akumbuke mwaka 2017. Wazimbabwe wanne, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu, walikwenda Burgundy, Ufaransa, kushindana katika mashindano ya dunia ya kuonja divai bila kuona chupa. Hawakukulia kwenye mizabibu. Walikuwa wameikimbia dhiki ya nchi yao kwenda Afrika Kusini, wakajifunza wakiwa kazini katika migahawa. Filamu ya Blind Ambition ya mwaka 2021 inasimulia safari yao. Waliruhusiwa kuonja, wakaonja, wakajua.

Ulimi wa watu wa Mweru nao ulifundishwa zamani, na walimu wake walikuwa wanawake. Chukua munkoyo, kinywaji cha kila nyumba, kinachonywewa na watoto na wazee kikiwa kichanga kwa kuwa kilevi chake ni kidogo mno. Uji wa mahindi hupikwa mzito, kisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzi hutumbukizwa ndani. Kazi yote imo katika kungoja. Uji ukiwa bado wa moto sana, nguvu ya mzizi inakufa na uji unabaki mzito. Ukipoa kupita kiasi, mzizi unafanya kazi kwa uvivu na uchachu usiotakiwa unawahi kuingia. Mpishi hapimi kwa kipimajoto. Anatumbukiza kidole, anangoja, anatumbukiza tena. Akipatia, uji ule mzito hulegea mbele ya macho yako, ukawa majimaji yanayochujika na kuingia utamu ambao haukutiwa sukari. Wataalamu wa maabara wameeleza kwamba mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga. Mama wa Kashikishi hana neno hilo, lakini anaijua saa.

Na mizizi yenyewe huchaguliwa. Nimewaona wanawake wakigeuza fungu zima sokoni, wakivunja kipande, wakinusa, wakitafuna kidogo na kutema, kisha wakarudisha fungu mezani bila neno. Muuzaji haulizi sababu. Amehukumiwa na mtu anayestahili kumhukumu.

Katubi ni ya watu wazima na ni ya utaratibu. Machicha ya ulezi uliochacha huwekwa ndani ya chombo, yakamiminiwa maji ya moto, na watu wakavuta kwa mrija. Maji yakiisha huongezwa mengine. Mmiminiko wa kwanza ni mkali na mzito, wa pili umelainika na ndipo ladha ya ulezi inapofunguka, wa tatu ni wa mazungumzo zaidi kuliko kinywaji. Mwenye kujua hutambua wakati wa kuacha kumimina, kwa sababu maji ya ziada humwaibisha aliyepika. Naupenda sana mmiminiko ule wa pili. Una uchungu mdogo wa nafaka iliyooteshwa, una harufu ya moshi wa kuni, na joto lake hushuka taratibu kifuani wakati upepo wa ziwa umeanza kuvuma. Sijakutana na divai iliyonipa mabadiliko hayo ndani ya chombo kimoja.

Vinywaji hivi vimeketi na wakuu.  Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliiandika pombe ya ulezi kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu kazi na chakula cha watu hao. Na mpaka leo, sherehe ya Mutomboko inapofanyika Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, katubi na munkoyo ni sehemu ya heshima anayopelekewa Mwata Kazembe, mfalme wa bonde hili. Hapelekewi mfalme mtungi ambao hakuna aliyeuonja.

Ndipo huzuni yangu inapoanzia. Chibuku, pombe iliyoanzia Kitwe, ilikuwa bado na uhai ndani ya boksi lake. Iliendelea kuchacha baada ya kutoka kiwandani, hivyo mnywaji alisoma tarehe na kujua: ya leo ni tamu, ya siku tatu imekomaa, ya tano ina ukali wake. Hata vijana wa vilabuni walikuwa na maoni. Siku hizi ipo Chibuku Super, iliyopashwa moto kuua chachu, ikatiwa gesi, ikafungwa kwenye chupa ya plastiki. Ya Jumatatu na ya Jumamosi ni moja. Haimtaki mtu aifikirie. Zikaja pia tujilijili, pombe kali za vifuko, ambazo serikali ya Zambia ilizipiga marufuku Aprili 2012 baada ya kuwaharibu vijana wengi, na nafasi yake ikachukuliwa na vichupa vinavyonywewa kwa mkupuo mmoja ili visionjwe kabisa. Na mabinti wa yule mama wa Kashikishi wako Ndola na Kitwe. Hakuna aliyebaki kuinama naye juu ya mtungi.

Lakini hakuna kilichoniuma kama jibu la mhudumu wa hoteli. Nilipomwuliza kwa upole kwa nini hajawahi kuonja divai anazoziuza, aliniambia ni kosa la kufukuzwa kazi. Bibi yake, akaongeza, alikuwa mpika katubi mashuhuri upande wa Kashikishi. Basi ulimi upo, umerithiwa, umefungwa kwa amri ya tajiri anayehofia nusu glasi kuibwa. Katika vijiji vingi vya pande hizi mwenyeji hunywa kwanza, mbele ya wageni, kuwaonyesha kwamba kinywaji ni salama. Mwenye nyumba aliyekataa kuonja alichokitoa alitiliwa shaka, na watu waliaga mapema.

Wenye hoteli za Nchelenge wangeweza kuanza mwezi huu. Chupa moja ifunguliwe jikoni kabla ya chakula cha jioni, mpishi na wahudumu wanaokunywa wapewe kidogo kidogo pamoja na kipande cha pale, na kila mmoja aseme amesikia nini mdomoni, kwa Kibemba au Kiswahili. Wiki nyingine wamwalike mpika katubi akae nao na awafundishe kunusa. Kisha orodha ichapwe upya, na kila divai isiyokuwa na mtu wa kuisemea ifutwe.