Jina Ukutani: Uhakiki wa Maonyesho ya Keith Haring ya 1982

Utangulizi

Mnamo Oktoba 1982, jumba la sanaa la Tony Shafrazi jijini New York lilifungua maonyesho ya Keith Haring. Alikuwa kijana wa miaka 24 ambaye abiria wengi wa treni za chini ya ardhi walikuwa wameizoea mistari yake kabla ya kulijua jina lake. Tangu 1980 alikuwa akichora vituoni kwa chaki nyeupe, juu ya karatasi nyeusi zilizobandikwa kufunika mabango ya matangazo yaliyokwisha muda. Makala haya yanahakiki maonyesho hayo kwa kuongozwa na swali moja: mchoro wa ukutani unapovuka kizingiti cha jumba la sanaa, ni nini kinachoingia nao na ni nini kinachobaki nje? Hoja inayojengwa ni kwamba maonyesho hayo yalifaulu kuingiza ndani kasi na msongamano wa mtaa, lakini yaliacha nje ushirika wa waandishi wa mtaa huo.

Turubai na Chumba

Msimamo wa Haring unaanza kudhihirika katika uteuzi wa malighafi. Kitambaa cha wachoraji alikiona kimebeba mzigo mkubwa wa historia. Badala yake alipaka rangi juu ya maturubai ya plastiki, ya aina ifunikayo mizigo ya malori, yakiwa na pete zake za chuma pembezoni. Uteuzi huo una mantiki ya kisanaa. Mstari wa Haring ni mnene, hauna kivuli, na hausahihishwi. Kituoni alilazimika kumaliza kabla ya askari kufika, na nidhamu hiyo ya mkono usiorudi nyuma inaonekana waziwazi juu ya turubai.

Kwa upande wa usimikaji, baadhi ya kazi zilifanywa papo hapo ukumbini, na kazi za rangi kali zilimulikwa kwa taa za urujuanimno zinazozifanya rangi hizo ziwake gizani. Mtazamaji alijikuta amezingirwa na mchoro kama abiria aliye ndani ya behewa lililoandikwa kila upande. Katika hili maonyesho yanastahili sifa: hayakuitundika grafiti kama nyara iliyotekwa mtaani, bali yaliutafutia msongamano wake mwili mpya.

Sahihi ya Nani?

Hata hivyo, msongamano huo haukuwa wa mkono mmoja. Miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa zilikuwamo zile ambazo Haring alizifanya pamoja na Angel Ortiz, kijana mwenye asili ya Puerto Rico kutoka Lower East Side, aliyejulikana kwa lakabu ya LA II. Haring alichora maumbo. Ortiz aliijaza nafasi iliyobaki kwa lakabu yake na mistari yake ya kujipinda. Mistari ya Ortiz ikiondolewa, maumbo yanabaki, lakini mtaa unaondoka. Pamoja na hayo, maonyesho yaliitwa ya Haring, na katika miaka iliyofuata Ortiz alilalamika hadharani kwamba mchango wake haukutambuliwa ipasavyo.

Fasihi ya Kiswahili inatoa njia ya kulieleza tatizo hili. Maandishi ya kanga huitwa jina, ingawa aghalabu hayamtaji mtunzi. Humtumikia yeyote anayejifunga kanga hiyo. Kwa upande mwingine, watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho ili kazi isipotee mikononi mwa wengine. Mchoro wa kituoni ulikaribia jina la kanga, na jumba la sanaa likadai ubeti wa mwisho. Kasoro ni kwamba ubeti huo uliandikwa kwa jina moja ilhali watunzi walikuwa wawili.

Suala la jina lilikuwa na uzito kuliko soko. Mnamo Septemba 1983, kabla ya mwaka kutimia tangu maonyesho yafunguliwe, Michael Stewart, kijana Mweusi, alikamatwa katika kituo cha treni jijini humo akidaiwa kuandika ukutani, akafariki baada ya kuwa mikononi mwa polisi. Haring, aliyekuwa mzungu, naye alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kuchora vituoni, lakini aliendelea kuishi na kuchora. Mwaka 1985 alimkumbuka Stewart katika mchoro mkubwa, ishara kwamba alilitambua pengo hilo. Kwa hiyo, uhakiki unaosifu uhuru wa mstari wa Haring bila kuuliza uhuru huo ulikuwa wa nani unaacha nusu ya kazi yake.

Hitimisho

Maonyesho ya 1982 yanabaki kuwa mfano thabiti wa namna sanaa ya mtaa inavyoweza kuingia ndani bila kupoteza nguvu ya umbo lake. Gharama yake ilionekana baadaye, na ilionekana vituoni. Kadiri jina lilivyopanda thamani, watu walizidi kuzibandua karatasi nyeusi ili kuziuza, na kufikia 1985 Haring aliacha kuchora huko. Jina lililopewa bei ndani ya jumba la sanaa lilirudi kituoni na kukichukua kile ambacho abiria walikuwa wakikitazama bure.