Sensa ya Oksijeni: Shahidi Anayehukumiwa Kabla ya Kesi

Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, msimbo unataja sensa ya oksijeni, na muda si mrefu kijana wa gereji yuko njiani kwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kufuata spea. Ndivyo sensa nyingi za Corolla, Probox na IST zinavyobadilishwa. Baadhi huwa zimekufa kweli. Nyingine hutupwa zikiwa nzima, na baada ya siku chache taa inawaka tena kwa sababu ile ile. Sensa hii ni shahidi aliyekaa kwenye ekzosi: anaeleza alichokiona ndani ya moshi, nasi tunamfunga yeye kwa kosa aliloliripoti.

Tuanze na kile inachokiona. Bosch ilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo za mfululizo wa 240 zilizopelekwa Marekani zikawa za kwanza kuitumia. Ndani yake mna kipande cha seramiki ya zirkonia. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Petroli huungua sawasawa kilo moja inapopata takribani kilo 14.7 za hewa, na hapo sensa huonyesha karibu volti 0.45. Mafuta yakizidi, volti hupanda kuelekea 0.9, hewa ikizidi, hushuka kuelekea 0.1. Kompyuta ya gari husoma namba hizo na kuongeza au kupunguza mafuta karibu muda wote injini inapozunguka ikiwa imepata moto.

Sensa haijui lolote kuhusu petroli. Inapima oksijeni iliyobaki, basi. Plagi ikichoka na silinda moja ikawa inamisi, hewa ya silinda hiyo hutoka bila kuungua, sensa ikaona oksijeni nyingi na kuripoti kwamba mafuta ni pungufu. Kompyuta inaamini na kuongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inayamwaga bure. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikipasuka kabla ya sensa, hewa ya nje hufyonzwa ndani na matokeo ni yale yale. Kwa hiyo P0171, msimbo wa mafuta pungufu, ni maelezo ya shahidi. Anayetafutwa anaweza kuwa mpira wa vakyumu uliochanika, pampu ya mafuta iliyochoka au kipima hewa kilichojaa vumbi.

P0420 ina mtego wake. Msimbo huu hutokea pale sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega ya katalaiza, inapotoa mawimbi yanayofanana na ya sensa ya mbele. Masega mazima hutuliza mawimbi hayo; yaliyochoka, au yaliyong'olewa na kuuzwa, hayawezi. Sensa mpya ya nyuma kwenye gari lisilo na masega itarudia ushahidi ule ule, safari hii kwa usahihi zaidi.

Ipo pia misimbo inayoielekea sensa yenyewe. P0135 na P0141 zinahusu hita, ya mbele na ya nyuma. Zirkonia haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi, hivyo sensa nyingi za waya tatu na nne zina hita ndani. Hita ikikatika, gari huchukua muda mrefu likitumia vipimo vya kubahatisha vilivyohifadhiwa kwenye kompyuta, na ulaji wa mafuta hupanda. Kipimo chake ni rahisi: chomoa plagi ya sensa, weka multimita kwenye waya mbili za rangi moja, nyeusi kwa Denso na nyeupe kwa Bosch. Sensa ya kawaida ya Toyota ikiwa imepoa hutoa takribani ohmu 11 hadi 16. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika na hakuna mjadala. Lakini misimbo yote miwili ikitokea siku moja, anza na fyuzi na waya. Hita mbili zisizotegemeana hazifi pamoja kirahisi, ila fyuzi moja huzizima zote.

Msimbo wa sensa kuchelewa kujibu, P0133, unahitaji kipimo cha mwendo. Injini ikiwa na moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika na uangalie volti za sensa ya mbele. Sensa nzima ya kawaida huvuka 0.45 kwenda na kurudi mara nane au zaidi ndani ya sekunde kumi. Ikigoma, kanyaga mafuta ghafla: inapaswa kuruka juu. Legeza mpira mmoja wa vakyumu: inapaswa kushuka. Inayoitikia yote mawili upesi iko hai, hata kama imefungwa tangu gari likiwa Japani.

Kipimo hicho kina sharti moja, kwamba sensa iwe ya kawaida, na kulisahau ndiko chanzo cha makosa mengi ya ununuzi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Toyota ilianza kufunga mbele sensa ya aina nyingine, ile iitwayo A/F, yaani ya uwiano wa hewa na mafuta. Hii haivuki 0.45 kwenda na kurudi. Mchanganyiko ukiwa sawa, hutulia karibu volti 3.3, na mwelekeo wake ni kinyume: hewa ikizidi hupanda, mafuta yakizidi hushuka. Mashine nyingi za bei nafuu hugawa namba hiyo kwa tano na kuonyesha 0.66. Fundi aliyezoea sensa ya zamani akiona 0.66 imetulia, anasema sensa imeganda kwenye mafuta mengi, anaing'oa, na ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Jina la injini halitoshi kukuambia unayo ipi. Camry za miaka hiyo zenye injini ya 5S-FE zilitofautiana ndani ya Marekani kwenyewe: za soko la California zilipata A/F, nyingine za kawaida. Kinachotoa jibu ni namba ya spea. Kwa Toyota, namba zinazoanza na 89465 ni za sensa ya kawaida. 89467 ni A/F. Denso wanapouza kwa jina lao katika soko la Marekani, 234-4 ni ya kawaida yenye waya nne na 234-9 ni A/F. Hita ya A/F nayo ina ohmu chache tu, ikivuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo kufunga moja mahali pa nyingine kunakosea mawimbi na hita kwa pamoja. Muuzaji anayekwambia "hii inaingia" anazungumzia nati. Kompyuta haipimi nati.

Nenda dukani na namba iliyosomwa kwenye sensa ya zamani, au iliyotafutwa kwa namba ya chesisi. Taja pia nafasi, mbele au nyuma, maana urefu wa waya na plagi hutofautiana. Sensa ya mtumba siishauri: hita yake ina umri usiojulikana, na sensa yenye hita kwa kawaida hukadiriwa kilomita 160,000 hivi, umbali ambao gari lililotoka Japani huenda tayari limeukaribia. Ile isiyo na plagi, ya kukata waya na kuunga, inafaa tu ikiwa aina ni sahihi na waya zimeungwa kwa kubana. Usichome risasi. Sensa nyingi huvuta hewa yao ya nje kupitia nafasi ndogo ndani ya waya, na risasi au mafuta ya kulainishia huiziba.

Kung'oa ndiko kunakovunja vitu. Sensa za skurubu za milimita 18 hufunguliwa kwa soketi ya 22 yenye mwanya wa kupitisha waya; Toyota nyingi za zamani zina flanji ya nati mbili na gasketi yake, ambayo inunuliwe mpya. Mwaga mafuta ya kulegeza kutu mapema na ufungue injini ikiwa ya vuguvugu. Grisi ya kuzuia kukwama ipakwe kwenye meno tu, isiguse ncha. Ile ya skurubu kaza kwa takribani Nm 44, na sensa iliyoanguka sakafuni usiifunge, kwa sababu seramiki hupasuka ndani bila kuonekana nje.

Kabla ya kuitupa ya zamani, itazame ncha. Masizi meusi yanasema injini inazidisha mafuta. Tabaka la kahawia linaelekeza kwenye oili inayoungua. Weupe unaong'aa hutokana na silikoni, na hapa gereji zetu zina la kujibu: gundi ya gasketi inayopakwa kwa wingi kwenye kava ya valvu hutoa mvuke unaofika kwenye injini na kuiua sensa, isipokuwa tyubu imeandikwa kuwa ni salama kwa sensa. Weupe wa kijivu unaweza kuwa maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi ya silinda hedi. Usiporekebisha chanzo, sensa mpya inaanza kufa siku inapofungwa.

Kazi haijaisha msimbo unapofutwa. Endesha gari, kisha soma fyueli trimu, asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ya muda mrefu ikikaa ndani ya 10 juu au chini, sensa na injini zinakubaliana. Ikibaki juu ya 20 ilhali sensa ni mpya, fedha zimetumika na kosa lenyewe bado halijapatikana. Namba hiyo husomwa bure na mashine ile ile iliyotoa msimbo wa kwanza. Mwenye gari aombe kuiona kabla ya matengenezo na baada yake, kisha ndipo alipe.